Kabla ya Kuigusa Injini, Ipime Petroli

Leo nazungumza na watu wanaobadilisha magari na pikipiki zao. Najua mpo, mpo Makanyagio na Majengo hapa Mpanda, mpo Inyonga, mpo Majimoto. Kuna aliyeng'oa injini ya zamani ya Mark II akaweka 1JZ yenye tabo. Kuna aliyetanua silinda ya pikipiki ili ipande mlima na magunia mawili ya mahindi mgongoni. Kuna kijana aliyeagiza kompyuta ya injini inayopangika upya, akajifunza mwenyewe usiku kucha jinsi ya kuongeza mafuta na kuwahisha cheche ya plagi. Kazi hizo naziheshimu kwa moyo wangu wote, kwa sababu ni ufundi uliopatikana bila karakana kubwa na bila mwalimu wa kukaa naye meza moja. Swali langu kwenu ni moja tu: petroli iliyomo ndani ya tangi lako sasa hivi ni petroli ya namna gani?

Wengi watanijibu kwamba petroli ni petroli, imetoka sheli. Hapo ndipo ninapoomba tukae kidogo.

Marekani, Brazili na sehemu kubwa ya Ulaya, petroli inayotoka kwenye pampu huwa imechanganywa na ethanoli. Ethanoli ni kilevi kile kile kilichomo ndani ya bia na gongo. Huchachushwa kutoka sukari ya miwa, kutoka mahindi au muhogo, kisha hukenekwa na kukaushwa maji hadi ifae kuungua ndani ya injini. Wamarekani huiita E10 petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli, na E85 ile ambayo ethanoli inaweza kufika asilimia 85. Brazili walianza mpango wao mkubwa wa ethanoli ya miwa mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta duniani kupanda ghafla, na tangu 2003 wanauza magari ambayo injini yake hukubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote wa hivyo viwili.

Injini inakubalije? Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kilo moja ya ethanoli inahitaji kilo 9 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa fundi. Ukiweka ethanoli nyingi katika injini iliyopangwa kwa petroli, nozo zile zile zikifunguka muda ule ule, silinda itapata hewa nyingi kuliko mafuta. Injini inakauka. Fundi wa bodaboda ataiona akifungua plagi: badala ya rangi ya kahawia iliyotulia, plagi imekuwa nyeupe. Gari la kisasa lenye sensa ya oksijeni kwenye ekzosi litajaribu kujirekebisha lenyewe kwa kuongeza mafuta, nalo linaweza, lakini kwa kiasi. Ikizidi hapo, taa ya cheki injini inawaka. Pikipiki ya kabureta haina wa kumsaidia. Jeti yake ina tundu la kipimo kimoja, na hilo tundu halijui kilichopita ndani yake.

Sasa mwenye tabo anaipenda ethanoli kwa sababu nyingine. Oktani yake ni kubwa, na inapogeuka mvuke hupoza hewa inayoingia silinda, kwa hiyo injini haigongi upesi hata ukiisukumia hewa nyingi na kuwahisha cheche. Ndiyo maana wenzetu wa mashindano ya magari huko ng'ambo huzipanga injini zao mahususi kwa E85. Hatari inakuja siku tangi limejazwa petroli tupu na kompyuta ya injini bado inaamini ni E85. Cheche inawahi kupita kiasi, injini inagonga ndani kwa ndani, na pistoni inaweza kutoboka kabla dereva hajapunguza sauti ya muziki akasikia. Kwa hiyo hao wenye magari yaliyobadilishwa hawakai kwa kubahatisha. Wanafunga sensa kwenye bomba la mafuta, nayo inaiambia kompyuta kila wakati ethanoli ni asilimia ngapi.

Naieleza sensa hiyo kwa sababu imejengwa kwa akili ya kupendeza, na kwa sababu fundi umeme yeyote wa Mpanda anaweza kuisoma. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma, mafuta yanapita katikati, na saketi inapima jinsi mafuta hayo yanavyohifadhi chaji ya umeme. Petroli huhifadhi kidogo sana, kipimo chake ni kama 2. Ethanoli ni kama 24. Maji ni 80. Basi kadiri ethanoli inavyoongezeka, kipimo kinapanda. Sensa iliyoenea zaidi, ile iliyotumika katika magari ya General Motors, inatoa mapigo ya umeme: mapigo 50 kwa sekunde mafuta yakiwa hayana ethanoli kabisa, na mapigo 150 yakiwa ni ethanoli tupu. Toa 50 na unapata asilimia. Ukisoma 60, una asilimia 10. Ukisoma 72, una 22. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili, na mita ya kawaida yenye alama ya Hz inatosha kuisoma, ukishaipa sensa umeme wa volti 12 na rezista moja ndogo. Na ikikupeleka juu ya 150 kwa mbali, usifurahi kwamba umepata ethanoli bora. Hapo maji yameingia.

Utaniambia, mtangazaji, hayo ni ya Brazili, sisi tupo Katavi. Kweli. Tanzania hadi sasa haina sheria inayolazimisha petroli kuchanganywa na ethanoli, na pampu zetu haziuzi E85. Kijana wa Mpanda anayeagiza faili la kupanga injini kutoka kwa mtu aliyeko Texas, lililopangwa kwa E85, na kuliingiza katika gari linalokunywa mafuta ya hapa Kashaulili, anaiua injini yake mwenyewe. Nililitaka neno hilo lifike mapema, kabla ya mengine yote. Faili la injini huandikwa kwa mafuta ya mahali. Likihama mahali, linatakiwa kuandikwa upya.

Sababu yangu ya kulileta jambo hili hewani ni pana kuliko hiyo. Mafuta yetu yana historia ya kuchezewa, na huko tuendako ethanoli inaweza kutufikia. Katika yote mawili, mtu wa Mpanda yupo mwisho wa bomba refu kuliko mtu wa Dar es Salaam.

Tuanze na kuchezewa. Wakubwa wenzangu mnakumbuka miaka ile ya kuelekea 2010. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kwa sababu ndiyo yaliyomulika nyumba za wanyonge. Petroli na dizeli zilikuwa na kodi kubwa. Pengo hilo la bei likawa biashara: mafuta ya taa yanamwagwa ndani ya dizeli, yanamwagwa hata ndani ya petroli, mteja analipa bei kamili. Magari yaliharibika nchi nzima. Vilevile kulikuwa na mafuta ya kwenda Kongo, Zambia, Rwanda na Burundi, yaliyopita bila kodi ya ndani, mengine yakiishia katika matangi ya hapa hapa nchini. Septemba 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba. Hicho ni kimiminika kidogo sana kinachotiwa kwenye mafuta ya kuuzwa ndani yakiwa bado ghalani, kwa kipimo kinachojulikana. Mkaguzi akija kituoni na mashine yake, anapima vinasaba vimebaki kiasi gani. Vikipungua, maana yake kuna kitu kimeongezwa. Kisha bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, na ile faida ya kuchanganya ikayeyuka kwa sehemu kubwa. Mimi naamini kodi ile ilifanya kazi kubwa kuliko hata vinasaba, ingawa iliwaumiza waliokuwa wanasomea kibatari, na Katavi walikuwa wengi.

Lakini angalia vinasaba vinajibu swali gani. Vinajibu kama mafuta haya yamelipiwa kodi na kama yamezimuliwa. Havimwambii mwenye 1JZ kama cheche yake iwahi au ichelewe. Wala havifiki pale ambapo wengi wetu tunanunulia. Mtu wa kijiji cha ndani Mlele au Tanganyika hanunui kwenye pampu kila siku. Ananunua kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyopangwa mezani kando ya barabara, karibu na vocha na mayai ya kuchemsha. Petroli hiyo ilitoka sheli mjini katika dumu, dumu likakaa juani, labda lilikuwa la mafuta ya alizeti kabla yake. Hakuna mkaguzi anayesimama kwenye meza hiyo. Simlaumu mama anayeuza, kwani bila yeye bodaboda haifiki zahanati usiku. Nasema tu kwamba katika safari nzima ya mafuta, kilomita zile za mwisho hazina mpimaji, na ndizo kilomita zetu.

Kwa hiyo mpimaji awe ni wewe. Na kipimo cha ethanoli, tofauti na watu wanavyodhani, hakihitaji maabara ya Dar es Salaam. Tafuta chombo chembamba cha kioo chenye alama za mililita, kama vile vilivyomo katika maabara za sekondari, chenye ujazo wa mililita 100 na kizibo. Tia maji safi hadi alama ya 10. Ongeza petroli hadi 100. Ziba, tikisa taratibu kwa dakika moja, ukifungua kizibo mara moja moja ili mvuke utoke, kisha weka mezani usubiri dakika kumi. Maji ni mazito, yatakaa chini, na utaona mstari ulio wazi kati ya maji na petroli. Mstari ukibaki kwenye 10, petroli yako haina ethanoli. Ukipanda, ni ethanoli iliyoikimbia petroli ikayafuata maji, kwa sababu inayapenda maji kuliko inavyoipenda petroli. Mstari ukifika 19, zimehama mililita 9 kutoka katika mililita 90 za petroli, nayo ni asilimia 10. Kipimo hiki huwa kinasoma chini kidogo, kwani si ethanoli yote inayoshuka, lakini kwa uamuzi wa gereji kinatosha. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, na usirudishe petroli hiyo kwenye tangi. Imeshanyweshwa maji.

Mafuta ya taa yana kipimo chake. Chukua karatasi nyeupe safi, dondoshea tone moja la petroli, ulipepee. Petroli nzuri inakauka ndani ya dakika mbili tatu na karatasi inabaki nyeupe. Ikiacha doa la mafuta linalong'aa ukiinua karatasi kwenye mwanga, kuna mafuta ya taa au dizeli ndani. Vipimo hivi viwili havibadilishani kazi. Kile cha maji hakikuonyeshi mafuta ya taa, na karatasi haikuonyeshi ethanoli. Fundi makini anafanya vyote viwili kabla hajaigusa skrubu ya kabureta, maana nimeona pikipiki nyingi zikifunguliwa kabureta mara tatu, jeti ikabadilishwa, plagi ikabadilishwa, pete zikabadilishwa, na ugonjwa ulikuwa kwenye dumu.

Sasa huko tuendako. Baadhi ya majirani zetu wameshaipita njia hii. Kenya iliuza petroli iliyochanganywa na ethanoli ya Muhoroni katika miaka ya 1980, kisha ikaiacha. Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ilianza mwaka 1982 kwa kiwanda cha Dwangwa kinachotumia molasi ya sukari, na haijaacha hadi leo. Malawi haina bandari ya bahari, kila lita ya petroli inaifikia kwa barabara ndefu na kwa dola za shida, kwa hiyo ethanoli yao wenyewe ilikuwa na maana kubwa kwao. Zimbabwe nayo ilianza Triangle mwaka 1980, na tangu 2013 uchanganyaji ni wa lazima. Lakini tazama jambo moja la Zimbabwe ambalo mwenye gari lililobadilishwa anapaswa kuliandika ukutani mwa gereji: asilimia yao haikai mahali pamoja. Imekuwa 5, ikawa 10, ikawa 15, ikafika 20, ikashuka tena, kwa sababu mvua zikiwa nyingi miwa haivuniki na kiwanda kinapungukiwa. Dereva wa Harare anayejaza Januari na anayejaza Agosti wanaweza kuwa wamejaza mafuta mawili tofauti kwa jina moja.

India wao wamefika asilimia 20. Mwaka 2025 kulikuwa na malalamiko makubwa ya wenye vyombo vya zamani, na shauri likapelekwa hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo ililitupa Septemba mwaka huo. Hoja ya walalamikaji niliiona ya msingi: hawakupewa kuchagua kwenye pampu, na hawakuambiwa wazi wanachojaziwa. Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja. Boxer na TVS zinazobeba abiria wa Mpanda zimetoka India. Mpya za kule zimetengenezwa kwa mipira na mabomba yanayostahimili ethanoli. Za kwetu nyingi ni za kabla ya hapo. Na IST, Noah na Probox tunazonunua mitumba zilitoka Japani, nchi ambayo kwa miaka mingi iliruhusu ethanoli isiyozidi asilimia 3 ndani ya petroli. Mipira ya ndani ya gari kama hilo haikuahidiwa kukutana na asilimia 20.

Nasema haya bila kuichukia ethanoli. Nchi yenye miwa ya Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi haina sababu ya kununua kila tone la mafuta kwa dola. Ninachokataa ni mahindi. Wamarekani wanageuza zaidi ya theluthi ya mahindi yao kuwa ethanoli, na wana mashamba ya kufanya hivyo. Mahindi ya Mpimbwe na Nsimbo yana midomo inayoyasubiri.

Na Mpanda inapaswa kuwa na masikio makali kuliko mji mwingine wowote zinapokuja ahadi za mafuta ya shambani. Kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, Mpanda ikiwa bado wilaya ya Rukwa, kampuni ya Kijerumani iitwayo Prokon ilikuja na mikataba ya mbono kaburi kwa wakulima wadogo. Dunia nzima ilikuwa inaimba mbono wakati huo, kwamba unastawi penye ukame, kwamba hauhitaji mbolea, kwamba injini zitautaka. Watu walipanda. Mmea ule uliota, kuota ni rahisi. Kuzaa mbegu za kutosha kulipa kazi ya mikono iliyoichuma ndilo jambo lililoshindikana karibu kila mahali Afrika Mashariki. Prokon yenyewe huko kwao Ujerumani iliingia katika ufilisi Januari 2014. Bagamoyo nako, SEKAB ya Uswidi ilikuja na mpango wa miwa ya ethanoli, ikajiondoa mwaka 2009. Leo huwezi kujaza mafuta ya mbono katika pampu yoyote ya Mpanda. Aliyepanda anakumbuka, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayonifanya nidai maelezo kamili kabla ya kushangilia.

Maelezo ninayoyataka yanahusu maji na umbali.

Petroli tupu na maji havichanganyiki. Maji yakiingia kwenye tangi la sheli, yanakaa chini kabisa, msimamizi anapaka dawa ya kupimia kwenye kijiti, anaona yamefika wapi, anayafyonza, biashara inaendelea. Petroli yenye ethanoli inayameza maji. Inayameza kimya kimya hadi ifike kikomo chake, na kwa E10 kikomo hicho ni kama nusu ya asilimia, yaani lita 5 hivi katika lita 1,000. Tone moja zaidi ya hapo, au usiku mmoja wa baridi, na yote yanajitenga kwa mkupuo: chini kunakaa maji pamoja na ethanoli, juu inabaki petroli iliyopungukiwa oktani. Bomba la kufyonzea la pampu lipo karibu na chini. Mteja wa kwanza asubuhi anajaziwa mchanganyiko wa maji na kilevi, na pikipiki yake haifiki hata mzunguko wa kwanza wa barabara. Hata dawa ya kijiti ya kawaida haisomi vizuri maji yaliyoshikwa na ethanoli, lazima iwe ya aina yake.

Fikiria sasa safari. Mafuta yanashuka meli Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Kuja Mpanda ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa lori, ama kupitia Tabora na Sikonge kwenye lami iliyotuokoa, ama kwa kuzunguka Mbeya na Sumbawanga. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua iko juu ya lori hilo. Likifika, mafuta yanakaa ardhini katika tangi ambalo pengine halijafyonzwa maji yake kwa miaka, kisha yanagawanyika kwenda Karema, Mishamo, Inyonga, Usevya, katika madumu na mapipa. Kambi za watalii kandokando ya Hifadhi ya Katavi zinayahifadhi kwa wiki, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna sheli. Kila kituo katika safari hiyo ni mlango wa maji. Mtaalamu atakayekaa Dodoma kuandika kanuni ya ethanoli akiwa anafikiria kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, ambako tangi linaisha na kujazwa kila baada ya siku chache, atakuwa ameandika kanuni ya nchi nyingine. Aje aandikie Mpanda. Ikifaa hapa, itafaa kote.

Pia kuna hesabu ya mfukoni. Lita ya ethanoli ina nguvu pungufu ya karibu theluthi moja kuliko lita ya petroli. Kwa E10 gari linapoteza kama asilimia 3 hivi ya umbali linaokwenda kwa lita. Ni kidogo, lakini kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, sisi tunaona tofauti ya bei yetu na ya Dar es Salaam, na tofauti hiyo ni nauli ya lori. Ethanoli ikichanganywa bandarini, tutakuwa tunailipia nauli ile ile kwa lita inayokwenda umbali mfupi zaidi. Bei ikipangwa bila kulitazama hilo, bodaboda wa Kawajense atakuwa anachangia kuliko dereva wa Masaki. Nawaomba wabunge wetu wa Katavi walihesabu hilo mapema, siku muswada ukiwa bado karatasi.

Na siku ikifika, nataka kila pampu iwe na kibandiko chenye namba kubwa: ethanoli asilimia ngapi. Namba halisi ya mafuta yaliyomo siku hiyo. Nataka kila sheli iwe na kile chombo cha kioo cha mililita 100 kaunta, na mteja akikiomba apewe bila kuulizwa yeye ni nani. Wakala wa Vipimo hukagua kama lita ya pampu ni lita kamili. Kupima kilichomo ndani ya hiyo lita ni jambo la aina ile ile. Wamiliki wa vituo hawapaswi kuliogopa. Kituo kinachouza mafuta safi ndicho kitakachopata wateja wote wa magari ya kubadilishwa, na hao, nyote mnajua, ndio wanaojaza tangi zima.

Kwa sasa, kijana wangu mwenye tabo, fanya hivi. Panga injini yako kwa petroli isiyo na ethanoli, na uache akiba kwenye cheche, usiiwahishe hadi ukingoni. Ukisafiri, chukua chombo chako cha kioo, chupa ya maji na karatasi nyeupe. Jaza Mpanda, pima, andika kwenye daftari tarehe, kituo na mstari ulipokaa. Ukijaza Sikonge, pima tena kabla hujaikanyaga. Ukivuka mpaka kwenda Malawi, punguza msukumo wa tabo kabla hujajaza hata lita moja, kwa sababu huko mstari utapanda, na sensa ya kupima mapigo ndiyo itakayokufaa kuliko chombo cha kioo. Mwenye pikipiki uliyetanua silinda, wewe fungua plagi baada ya kila dumu jipya. Ikiwa nyeupe, usiendelee kupakia magunia. Mwaga mafuta yale kwanza, pima yaliyobaki kwenye dumu, halafu mpelekee aliyekuuzia akaone mwenyewe mstari umekaa wapi.